Muulize Shangazi: Mama mkwe ananipakulia dagaa, nami siwezi

Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa Kongwa, Dodoma. Niliolewa mwaka jana na kijana wa Ukerewe, na kwa sasa tunaishi Nansio kwa wazazi wake wakati anamalizia nyumba yetu. Tatizo langu ni samaki. Kwetu nimekulia mlenda, maharage, na nyama mara mojamoja. Huku samaki ni kila siku, na asipokuwepo samaki wapo dagaa. Harufu ikianza tu kutoka jikoni mate yananijaa mdomoni, nataka kutapika. Juzi mama mkwe alinipakulia, nikawa nachezea tonge mpaka wenzangu wakamaliza. Wifi yangu akasema kwa sauti, "Huyu anatuona sisi wachafu." Mume wangu ananiambia nijikaze. Nijikaze vipi? — Binti wa Kongwa

Marahaba, mwanangu. Huyo mumeo mwambie Shangazi kasema hivi: koo likishafunga limefunga, halifunguliwi kwa amri. Mimi nimeuza chakula miaka mingi pale Kirumba, Mwanza, jirani na soko la Mwaloni linaloshusha samaki wa visiwa vyote hivi. Nimeona wapakizi, wanaume wa kubeba gunia begani kama mto wa kulalia, wanasogeza sahani kando kwa sababu kichwa cha sato kimewatolea jicho. Sikuwahi kumcheka mtu. Nilikuwa nauliza tu: hapo hasa umekataa nini? Macho? Miiba? Utelezi wa ngozi? Harufu? Mtu akinijibu hilo, mara nyingi nilikuwa na la kumpikia.

Wewe umesema harufu. Basi macho na miiba tuviache, tushughulike na harufu.

Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa, hasa siku za giza, maana mbalamwezi ikiwa kamili taa hazina kazi. Asubuhi huanikwa. Wengine huwaanika kwenye chanja, wengine bado huwamwaga mchangani ufukweni. Kukiwa na jua kali wanakauka siku hiyohiyo na harufu yao ni ya kawaida. Mvua ikinyesha hawakauki, wanaanza kuharibika hapohapo, na mafuta yao yanachacha. Sasa jiulize ulipofika Nansio kulikuwa na jua au masika. Inawezekana kabisa dagaa uliowachukia ni wale wa mvua, ambao hata sisi tuliozaliwa huku tunawatazama mara mbili. Nenda sokoni mwenyewe, usitume mtoto. Chagua waliong'aa rangi ya fedha, wakavu wa kukatika, wasio na wekundu wala umanjano tumboni. Uliza kama ni wa chanja. Bei itakuwa juu kidogo, lipa.

Ukifika nyumbani toa vichwa na matumbo, hapo ndipo uchungu na sehemu kubwa ya shombo inapokaa. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, osha mpaka chini ya bakuli kusibaki chembe ya mchanga, kamulia ndimu. Kwa dagaa na samaki ndimu ina kazi kubwa kuliko kiungo. Shombo ni kemikali inayoruka hewani na kukufuata puani, na tindikali ya ndimu inaibadilisha isiweze kuruka tena. Kisha wakaange wakavu kabisa ndipo uweke kitunguu na nyanya. Dagaa wa kulialia kwenye maji mengi, hao hata mimi sitaki.

Sato na kambare wana harufu nyingine, ile ya tope. Hiyo si uchafu wa mpishi wala wa wifi yako. Kuna vijidudu na mwani wa majini vinavyotengeneza kitu kinachoitwa jiosmini, kinaingia kwa samaki kupitia mashavu yake na kukaa kwenye mafuta. Pua ya binadamu inakinasa hata kikiwa kidogo mno. Nacho hakipatani na tindikali, kwa hiyo ndimu au siki tena, umwache samaki atulie nayo kabla ya kumpika. Kama unaanza kujizoeza, usianze na kambare. Anza na mnofu wa sangara uliokaangwa vipande vidogo, hauna kichwa, hauna miiba midogo, na ukiwekewa kitunguu saumu na tangawizi unaweza kusahau umetoka ziwani.

Huyo sangara ana kisa ambacho wifi yako angefaa kumuuliza babu yake. Si wa asili ya ziwa letu hili la Viktoria. Alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, wakati wa wakoloni, na alipozidi kuwa mwingi watu wa mwambao wengi walimkataa. Walisema ana mafuta kupita kiasi, ni mkubwa mno, si samaki wa kuliwa na watu. Walitaka furu wao, wale samaki wadogo wa asili, na sato wao. Baadaye, furu walipotoweka kwa mamia ya aina, na viwanda vya minofu vilipofunguliwa Mwanza miaka ya 1990, sangara huyohuyo akawa bei juu, watu wakabaki kugombea mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki kiwandani. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba watu wa ziwa hawajui kukataa samaki.

Nikuulize na la kishangazi, usinichukie: siku zako zinakwenda sawa? Mwaka wa kwanza wa ndoa, harufu ya jikoni inatapisha, mate yanajaa. Mimba changa hufanya hivyo hasa, na harufu ya samaki na nyama ni za kwanza kukataliwa. Pima kabla hujajilaumu.

Angalia pia ugali wenyewe. Kama ni wa udaga, ule muhogo ulioloweshwa na kuvundikwa, una harufu yake ya uchachu, na mgeni anaweza kuitupia dagaa lawama isiyo yao. Usiombe waache kuvundika, kwa muhogo mchungu ndiyo njia ya kuondoa sumu. Omba tu siku mojamoja usonge wa mahindi.

Mama mkwe uzungumze naye wewe, asubuhi, wakati mnachambua mboga, wifi akiwa hayupo. Usiseme "chakula kinanuka." Sema, "Mama, mwili wangu haujazoea samaki, naomba unifundishe kumpika ili nizoee taratibu." Mwanamke anayeombwa kufundisha ni nadra akasirike. Siku za mwanzo keti upande upepo unakotoka, kula mchuzi na ugali, mnofu uguse kidogo. Na mumeo afanye kazi yake pia: wifi akirusha neno, yeye ndiye wa kumnyamazisha dada yake. Kisha siku moja wapikie mlenda wa kwenu, ule wa kuvutika mpaka kiwikoni, umtazame huyo bwana wa kujikaza atakavyomeza.

Shangazi, mwanangu ana miaka mitatu, anakataa mboga za majani zote. Baba yake anamshikia kiboko mezani mpaka ale. Nisaidie. — Mama wa Nyakato

Kiboko kiondoke mezani leo. Kati ya miaka miwili na sita watoto wengi huogopa chakula wasichokijua, ni umri wenyewe. Akichapwa anajifunza kwamba mchicha ni adhabu. Mwekee kidogo sana, kijiko kimoja, pembeni ya anachokipenda, akikataa ondoa bila neno, kesho kutwa weka tena. Inaweza kuhitajika mara kumi au zaidi kabla hajaonja, na wazazi wengi huacha kwenye ya tatu. Nyie wenyewe muuleni huo mchicha akiwaona.

Mnavu usimlazimishe kabisa. Uchungu hatuusikii sawa. Mwaka 1931 mwanakemia wa Marekani, Arthur Fox, alikuwa maabara, unga wa kemikali fulani ukapeperuka, mwenzake akalalamika kwamba ni mchungu, yeye hakusikia chochote. Ikaja kujulikana kwamba ni jambo la kurithi. Huenda baba haonji anachokionja mtoto, na bado kashika fimbo.

Shangazi, nasoma chuo hapa Nyegezi. Nikiwa bweni sekondari nilikula makande, usiku nikashikwa na malaria kali, nikatapika mpaka alfajiri. Wenzangu waliokula nami hawakuumwa. Tangu hapo siwezi makande, hata nikiyaona kwa mwenzangu. Wananiita bishoo. — Kijana wa Nyegezi

Makande hayana kosa, kijana, na wewe pia huna. Mwili ukiumwa tumbo unatafuta cha mwisho ulichokula na kukifungia mlango, hata kama aliyekutapisha ni mbu. Mmarekani mmoja, John Garcia, alilionyesha hilo na wenzake mwaka 1955 kwa panya: waliwapa maji matamu huku wakiwapiga mionzi ya kuwaumiza tumbo. Panya wakayakataa maji matamu baadaye, ingawa maji hayakuwadhuru. Kujua ukweli hakusaidii sana, ndiyo maana wewe unajua ilikuwa malaria na bado koo linakataa.

Ukitaka kurudi, usirudi kwa makande yaleyale ya sufuria kubwa. Kula maharage peke yake, ya nazi, na wali, mahali pengine na watu wengine. Mahindi nayo kula ya kuchoma, ukitembea zako njia ya Nyegezi jioni. Baada ya muda vikutane. Usipotaka kurudi, usirudi. Choroko zipo, dengu zipo, karanga zipo, na dagaa ndio hao tumewasema. Bishoo ni anayekataa chakula ili aonekane, wewe ungefurahi wasikuone.

Shangazi, ofisini kwetu mjini kuna ndugu wa Bukoba. Msimu wa senene ukifika wanakuja na vikopo, wananisogezea mdomoni na kucheka. Nakataa, wanasema nimeshindwa na mdudu mdogo. Sababu yangu hawaijui: nilipokuwa Dar nilikula kamba wa baharini, midomo ikavimba na mwili ukawasha. Naogopa na hawa. Au ni woga tu? — Msomaji wa katikati ya jiji

Woga huo una akili, uendelee nao. Kamba na senene ni jamaa wa mbali, na protini inayowasumbua wengi wenye mzio wa kamba na kaa hupatikana pia kwa wadudu. Hilo halimaanishi lazima senene wakudhuru, ila si jambo la kujaribia ofisini kati ya watu wanaocheka. Nenda hospitali uelezee kilichotokea Dar, na useme kama kifua kilibana. Kilichobana kifua mara ya kwanza kinaweza kuwa kibaya zaidi mara ya pili.

Wenzako waambie wazi: "Nina mzio, nikila naweza kuzidiwa hapa mkanibeba." Umewaficha, ndiyo maana wanadhani ni mchezo. Watu wa Bukoba ninaowajua hawawezi kumlazimisha mgonjwa, wakishajua watakula wenyewe na kushukuru kwamba fungu limebaki kubwa. Na wakiona limewazidi, kopo walilete huku kwangu Kirumba. Mabawa na miguu wavitoe kwanza, na chumvi isiwe nyingi.