Kabla hujabandikwa mgongoni: maswali yenu kuhusu kipimo cha mzio wa ngozi

Nitawekewa vibandiko mgongoni nijue kinachoniwasha. Mbona kipimo kimoja kina siku tatu za kwenda?

Mzio wa kugusa hauna haraka. Chembe za kinga zinazousababisha huchukua siku mbili au zaidi kuonyesha dalili kwenye ngozi. Siku ya kwanza unabandikwa, baada ya saa 48 vinabanduliwa na ngozi inakaguliwa, kisha unarudi siku moja au mbili baadaye kukaguliwa tena. Ziara hiyo ya mwisho ndiyo wengi huikacha, na ni kosa: mzio wa dhahabu au wa dawa ya neomaisini mara nyingi huchelewa kujitokeza.

Nameza vidonge vya aleji kila usiku. Niache?

Kwa kawaida si lazima, maana antihistamini haizuii mzio wa aina hii. Kinachoficha majibu ni steroidi: vidonge vya prednisoloni, sindano, au krimu uliyopaka mgongoni wiki ya mwisho. Mtajie daktari dawa na dozi yake. Prednisoloni usijiachishe mwenyewe. Ukiizoea kisha ukaikatisha ghafla, unaweza kuugua vibaya. Jua kali mgongoni nalo liepuke wiki kadhaa kabla.

Kuoga je?

Jipanguse, lakini mgongo usilowe hadi ukaguzi wa mwisho. Mazoezi ya kutoa jasho yasubiri. Siku ya kubandikwa usijipake mafuta mgongoni, vibandiko havitashika, na vaa shati kuukuu kwa sababu wino wa alama huchafua.

Nibebe nini?

Kila kinachogusa ngozi yako, pamoja na boksi lenye orodha ya viambato: losheni, manukato, rangi ya nywele, glavu za kazini, hata hereni. Msinichoke kwa hili, lakini bebeni hata krimu mliyoitumia miaka mingi bila shida. Mzio wa kugusa hauzaliwi nao mtu. Huja baada ya ngozi kukutana na kitu, pengine mara nyingi sana. Na kama hina nyeusi iliwahi kukubabua, sema mapema: huenda ni ile kemikali iliyomo pia kwenye rangi nyingi za nywele.

Nina mimba.

Mwambie daktari. Wengi huahirisha hadi ujifungue.

Pakiwasha sana?

Usikune. Muwasho wa sehemu moja huenda ndio jibu lenyewe linajitokeza. Pakiuma vikali au kutoa malengelenge, piga simu kliniki kabla ya kubandua chochote.