Kusafisha rivolva ya stenlesi bila kuiharibia sura

Mkuu, umeuliza utoe vipi pete nyeusi na vidoa vya kahawia kwenye rivolva yako ya stenlesi. Pete zile mbele ya silinda (kile kipande kinachozunguka kikibeba risasi) na vile vidoa karibu na mshikio ni mambo mawili tofauti, kwa hiyo usiyatibu kwa dawa moja. Na hiyo stilwaya ya sufuria uliyoshauriwa, naomba iweke mbali kabisa na silaha yako.

Kwanza toa risasi zote, zipeleke chumba kingine, kisha angalia kila chemba, yaani tundu la risasi, kwa macho na uipapase kwa kidole. Hata kama ulizitoa jana, kagua tena.

Nianze na vidoa, ambavyo ni kutu. Stenlesi ina kromiamu, angalau asilimia 10.5, ambayo hukutana na oksijeni na kuufunika uso wa chuma kwa utando mwembamba usioonekana. Ukiukwaruza, utando hujirudi wenyewe ilimradi chuma ni kisafi. Kinachoushinda ni chumvi ya jasho ikikaa muda mrefu, ndiyo maana vidoa huanzia pale mkono unaposhika. Halafu silaha nyingi hutengenezwa kwa stenlesi daraja la 416, iliyoongezwa salfa ili ichongeke kirahisi, na salfa hiyo hiyo inapunguza uwezo wake wa kuhimili kutu. Usishangae basi kuona kijiko chako hakina doa na rivolva inalo.

Doa changa mimi hulitia tone la mafuta ya bunduki, naliacha lilowe, kisha nasugua taratibu kwa mswaki laini wa nailoni. Likikaidi, natumia nyuzi laini za shaba pamoja na mafuta. Stilwaya ya chuma cha kawaida huacha chembe zake juu ya stenlesi, na chembe hizo ndizo zitakazoshika kutu wiki zijazo. Usitumie pia dawa za kufulia zenye klorini, zinachimba vishimo.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kusugua kabla ya kujua uso wa silaha ulimaliziwaje kiwandani. Kama una mistari myembamba inayokwenda upande mmoja, fuata mistari hiyo tu, mbele na nyuma, kamwe usizungushe mkono. Kama umeng'arishwa kama kioo, losheni ya kung'arisha chuma na kitambaa laini vinafaa, kwa kiasi. Lakini kama uso umefifia, ule uliopigwa kwa punje ndogo za kioo, usiuguse kwa losheni wala msasa wowote. Rivolva yangu niliipata mkononi mwa mtu, na ubavuni ina kiraka kinachong'aa kwa sababu mwenyewe wa awali aliking'ang'ania kidoa kwa losheni. Kiraka hicho hakitoki kwa kufuta. Labda fundi aupige upya uso wote. Inaniuma kila nikiitazama, maana kidoa chenyewe pengine kingetoka kwa mafuta.

Sasa zile pete nyeusi. Ni masizi na madini ya risasi yanayochomwa na moto unaochomoka kwenye upenyo kati ya silinda na mtutu. Haziidhuru silaha. Mimi napaka kiyeyushi cha masizi, nasubiri, napiga mswaki wa nailoni, nafuta. Kinachobaki nakiacha, kwa sababu ukifyatua tena zinarudi. Kuna vitambaa vyenye dawa ya kuondoa madini ya risasi na vinazitoa kweli, ila vinafanya kazi kwa kukwangua. Kwenye uso uliofifia vitaacha mng'ao, na kwenye sehemu yenye rangi ya bluu-nyeusi vitaiondoa rangi yote.

Hilo linanikumbusha: si kila kipande cha silaha yako ni stenlesi. Vilengeo, pini na skrubu huweza kuwa chuma cha kawaida, na baadhi ya silaha zenye rangi ya fedha zimepakwa nikeli tu, ambayo viyeyushi vyenye amonia huweza kuibambua. Soma maelezo ya mtengenezaji kabla ya kumwaga chochote. Na usikwangue kabisa eneo la namba ya silaha, ikififia utakuwa na la kujibu kisheria.

Ukimaliza, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo mno, na usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, ngozi hushika unyevu. Ukiweza, piga picha ya ubavu wa mtutu taa ikiwa pembeni uniwekee hapa. Mwanga wa namna hiyo unaonyesha mistari vizuri, nami nitakuambia uso wako ni wa aina gani kabla hujasugua.