Simu inaita, lakini sauti haisikiki

SWALI: Ndugu Mhariri, tuna duka la dawa Kamalondo, Lubumbashi, na tawi Likasi. Nimeweka programu ya Asterisk, inayoendesha simu kupitia mtandao, katika kompyuta iliyo nyuma ya ruta yetu, na nimefungua mlango (port) wa 5060. Ndani ya duka tunaongea vizuri, lakini tawi likipiga, simu inaita na kupokelewa, kisha hakuna anayemsikia mwenzake. Isitoshe, kila umeme unapokatika na kurudi, ruta hupata anwani mpya na tawi hupotea. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya yote fungua ukurasa wa ruta uone anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10 au 192.168, mtoa huduma wako amekuweka nyuma ya ruta yake, na mlango wowote utakaoufungua kwako hautafika nje. Hapo omba anwani ya hadharani, yaani inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti, au kodi seva ndogo yenye anwani isiyobadilika.

Ikiwa anwani ni ya hadharani, kosa liko ndani ya ujumbe wa simu wenyewe. Mlango wa 5060 hupitisha maagizo ya kuita na kupokea tu; sauti husafiri kwa njia nyingine, na seva, yaani kompyuta yako yenye Asterisk, huandika ndani ya maagizo hayo anwani ambako sauti itumwe. Seva yako, isiyojua kwamba kuna ruta mbele yake, huandika anwani yake ya ndani, ile ya 192.168, ambayo kutoka Likasi haielekei popote. Wengi huhangaika na ruta kwa siku nyingi, kumbe ni seva inayojitambulisha vibaya.

Jiandikishe basi kwa huduma ya DNS (inayounganisha jina na anwani) inayofuata mabadiliko ya anwani, ili upate jina la kudumu, na uiache ruta ilisasishe jina hilo yenyewe. Simu za Likasi zijisajili kwa jina hilo, si kwa tarakimu. Katika faili ya mipangilio ya Asterisk iitwayo pjsip.conf, sehemu ya transport, liandike jina hilo kwenye external_media_address na external_signaling_address, kisha taja mtandao wako wa ndani kwenye local_net. Washa pia dnsmgr, sehemu ya Asterisk inayofuatilia majina, ili seva iliulize jina upya kila baada ya muda. Kwa simu za tawi weka direct_media=no, rtp_symmetric=yes, force_rport=yes na rewrite_contact=yes. Kwenye ruta, elekeza kwa seva milango ya UDP 10000 hadi 20000, ambayo ndiyo ya sauti kwa kawaida, na uzime SIP ALG, kipengele cha ruta kinachobadilisha ujumbe wa simu unapopita, kwani mara nyingi huharibu ujumbe badala ya kuurekebisha.

Nywila ziwe ndefu, nakusihi sana: mlango wa 5060 ukiwa wazi, wezi huujaribu usiku na mchana ili wapige simu za nje kwa gharama yako.

Ukimaliza, zima ruta, iwashe, subiri dakika chache hadi jina lipate anwani mpya, kisha mwambie mwenzako wa Likasi apige.