Re: Uvimbe kwenye titi, mimba ya wiki 20

Pole dada, na hongera kwa mimba. Umesema uvimbe ni mgumu, una mwezi sasa, na nesi kakwambia ni maziwa tu, subiri ujifungue. Mimi nisingesubiri. Kweli matiti hubadilika ujauzitoni na mara nyingi si saratani, lakini uvimbe wa mwezi mzima upimwe sasa. Ultrasaundi haina mionzi. Wakitia shaka, watakupiga ganzi ya hapohapo na kuchukua kinyama kwa sindano, mtoto hadhuriki.

Hata ikiwa ni saratani (Mungu aepushe), usikubali haraka kuambiwa utoe mimba. Kuitoa peke yake hakuongezi nafasi ya kupona. Upasuaji unawezekana ukiwa mjamzito. Kemo (dawa kali za kuua saratani) haitolewi miezi mitatu ya kwanza, ila baada ya hapo dawa kadhaa hutumika, kisha husimamishwa kama wiki tatu kabla ya kujifungua ili chembe za damu zirudi sawa. Tiba ya mionzi na tamoksifeni (dawa ya kuzuia homoni) ndivyo husubiri mtoto azaliwe.

Kwa kuwa uko Dar, omba rufaa ya Muhimbili wiki hii. Ikithibitika, daktari wa uzazi apange tiba pamoja na wa hospitali ya saratani ya Ocean Road, asiamue mmoja peke yake.