Struct moja, bodi mbili: packed haitakuokoa

Swali: Hujambo mhandisi? Ninapima kina cha maji kwenye mifereji ya mpunga hapa Ahero. Kila sensa iko kwenye Arduino Uno, na inatuma pakiti kwa redio ya LoRa hadi Raspberry Pi Pico iliyoko ofisini. Pande zote mbili zinatumia struct (kundi la thamani zinazopangwa pamoja kwenye kumbukumbu) ileile: uint8_t aina, uint32_t muda, uint16_t kina, float joto. Mwanzoni aina ilisomeka vizuri lakini nambari nyingine zote zilikuwa za ajabu. Rafiki akaniambia niongeze packed, yaani agizo la kuzuia nafasi tupu kati ya thamani za struct, na kweli zikanyooka. Sasa Pico inaganda kila ninapoita andikaMuda(&p->muda). Nimebadilisha waya na pawa sapulai, wapi! Nifanyeje?

Jibu: Waya na pawa sapulai hazina kosa, zirudishe ulipozitoa. Kilichokuponza ni ule ushauri kwamba packed ukishaibandika kazi imekwisha. Ushauri huo umezagaa kila mahali, na wanaoutoa huwa hawapo kifaa kinapokufa shambani.

Uno ina kichakataji cha ATmega328P cha biti 8, kinachosoma kumbukumbu baiti moja moja, kwa hiyo kompaila (programu inayogeuza msimbo wako kuwa amri za kichakataji) haina sababu ya kuacha nafasi yoyote: aina iko baiti 0, muda 1 hadi 4, kina 5 na 6, joto 7 hadi 10. Jumla 11. Pico ina chipu ya RP2040 yenye kori mbili za Cortex-M0+, za biti 32. Huko namba ya baiti 4 huwekwa kwenye anwani inayogawanyika kwa 4, na ya baiti 2 kwenye inayogawanyika kwa 2. Kompaila ikaingiza baiti 3 tupu baada ya aina, nyingine 2 baada ya kina, na struct yako ikawa baiti 16. Aina ilisomeka vizuri kwa sababu baiti 0 ni baiti 0 kotekote. Kina ulikuwa unakisoma kutoka katikati ya joto, na joto lenyewe kutoka baiti 12 hadi 15, nje kabisa ya pakiti, yaani masalio yoyote yaliyokuwa yamebaki kwenye bafa, ile sehemu ya kumbukumbu inayopokelea pakiti.

packed iliondoa zile baiti tupu, basi. Ukiandika p->muda moja kwa moja, kompaila inajua thamani hiyo imekaa upande na inaisoma baiti baiti. Lakini &p->muda ni pointa (anwani tu) ya kawaida ya uint32_t. Ikishaingia ndani ya andikaMuda, hakuna anayekumbuka ilikotoka. Amri ya LDR, inayosoma baiti 4 kwa mpigo, inatumwa kwenye anwani isiyogawanyika kwa 4, Cortex-M0+ inaikataa, na programu inaishia kwenye HardFault, hitilafu inayoisimamisha. Ndiko huko "kuganda" kwako.

Hatari zaidi ni kwamba si lazima igande. Bafa ya uint8_t inaweza kuanzia anwani yoyote. Ikianzia pale ambapo ukigawa kwa 4 inabaki 3, muda itaangukia mahali halali na kila kitu kitaenda sawa. Ongeza kigeu kimoja kwenye programu, bafa isogee, na kifaa kilichokimbia vizuri msimu mzima kinakufa. Hapo ndipo watu husema bodi ni feki, wakanunue nyingine.

Wala usinijibu kwamba kwenye laptopu inafanya kazi. Vichakataji vya x86, vilivyo kwenye laptopu nyingi, huvumilia usomaji huo karibu kila mara, kwa hiyo jaribio la laptopu halithibitishi chochote. Cortex-M3 na M4 huvumilia LDR lakini hukataa LDRD na LDM, amri za kusoma thamani kadhaa kwa mpigo, na kompaila ikiwekwa -O2 (iharakishe programu) inaweza kuunganisha usomaji wa thamani mbili jirani kuwa amri mojawapo ya hizo. Chipu ya ESP8266 hukutupia Exception 9, kosa la kusoma anwani isiyolingana. Kompaila ya GCC kuanzia toleo la 9 inatoa onyo kuhusu pointa kama hii yako bila kuombwa, ila Arduino IDE huficha maonyo isipoambiwa vingine. Nenda kwenye Preferences, weka Compiler warnings iwe All, na usome kinachoandikwa.

Ya leo: nakili kwanza, uint32_t m = p->muda; kisha andikaMuda(&m). Kuganda kutakoma. Tiba yenyewe ni kuacha kutuma struct na kupanga baiti mwenyewe. Kwenye Uno:

b[1] = muda; b[2] = muda >> 8; b[3] = muda >> 16; b[4] = muda >> 24;

Kwenye Pico:

muda = (uint32_t)b[1] | (uint32_t)b[2] << 8 | (uint32_t)b[3] << 16 | (uint32_t)b[4] << 24;

Usiziruke hizo (uint32_t). Siku ukipeleka mstari huo kwenye Uno, ambako int ni biti 16, kusogeza biti 16 au 24 bila hiyo kutakupa takataka. Joto linakili kwa memcpy (kazi ya kunakili baiti kama zilivyo) hadi uint32_t, kisha ulipange vivyo hivyo. Usibadilishe float kuwa double: kwenye Uno ni baiti 4, kwenye Pico ni 8. Na kabla ya kusoma chochote, hakikisha zimefika baiti 11 kamili.

Wanaouza programu "tayari kwa bodi yoyote" kwa vyama vya wakulima, kuanzia hapo Ahero hadi wenye maziwa Nakuru, wengi wamejaza packed kila kona. packed haigusi mpangilio wa baiti: mita inayotumia Modbus, lugha ya mawasiliano ya mita na mitambo, hutuma baiti kubwa kwanza, na Pico yako huweka ndogo kwanza. Haigusi upana pia: namba ya aina ya long ni baiti 8 kwenye Linux ya biti 64, lakini 4 kwenye Windows ya biti 64. Struct iliyomwagwa kama ilivyo, kwa kazi ya fwrite, kwenye kadi ya SD inaweza kusomeka vibaya kwenye kompyuta nyingine, na rekodi za mwaka mzima zikawa hazina maana. Kabla hujalipa, dai jedwali linaloonyesha kila thamani iko baiti ya ngapi, ina upana gani na inaanza na baiti ipi. Asiye na jedwali hilo hajui anachokuuzia.