Pevingi nyepesi kwa bustani ya mteremko, na mzigo utashukaje hadi chini?

Dada mmoja wa Goba, Dar, ameuliza hivi: "Habari fundi, nyumba yangu iko bondeni barabara iko juu, lori linaishia getini. Nataka njia ya mita 12 kwenda nyuma ya nyumba na kaeneo ka kukaa mita 4 kwa 4. Kuna pevingi nyepesi? Na vitu vitashukaje huko chini bila kuumiza vijana?"

Salama dada. Tupige hesabu kwanza maana hapa ndo wengi wanakwama. Pevingi ya kawaida, ile ya sentimita 20 kwa 10 unene 6, inakaribia kilo 3 na mita moja ya mraba inakula vipande 50, kwa hiyo ni kama kilo 140 kila mita. Njia ikiwa na upana wa mita 1.2 hivi, eneo lako lote ni mita za mraba 30 hivi, tofali peke yake zinafika tani 4 na kitu. Ila ngoja, chini ya tofali kuna mchanga wa kulazia sentimita 4, hapo karibu tani 2, na chini ya mchanga kuna kifusi cha kushindilia sentimita 10, hicho kinapita tani 5. Yani kifusi ni kizito kuliko pevingi zenyewe na hakuna anayekiulizia! Jumla ni kama tani 12, na toroli moja kwenye mteremko usilipakie zaidi ya kilo 80, sasa hiyo ni safari 150.

Kwa hiyo hata ukipata pevingi ya unene wa sentimita 4 unaokoa tani moja na nusu hivi, basi, na kifusi kiko palepale. Zipo za plastiki iliyoyeyushwa na kuchanganywa na mchanga, kama za Gjenge Makers ya Nairobi ya yule dada Nzambi Matee aliyepewa tuzo na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2020, hizo ni nyepesi kweli na ni ngumu, lakini nazo zinataka kitako kilichoshindiliwa vizuri. Zile tofali za mawe ya volkano yenye matundu usiziguse kwa kazi hii, ni za ukuta, ukizikanyaga kila siku zinalika.

Mimi ningekushauri upunguze kifusi. Njia ya mita 12 weka slabu za sentimita 40 kwa 40 unene 5, moja moja, kila moja ina kilo 19 hivi, umbali wa hatua moja yani sentimita 60 kutoka katikati hadi katikati. Unahitaji slabu 20, kilo 380 tu, katikati unaacha majani. Kila slabu unaichimbia shimo lake, unashindilia udongo, mchanga kidogo, unaweka pima maji. Pale panaposhuka sana usilaze slabu kwa kuinamisha, mvua ikinyesha mtu atateleza, tengeneza ngazi za kimo cha sentimita 15 na pa kukanyagia 40. Kale kaeneo ka kukaa chonga udongo kawe tambarare, weka ukingo pande zote, tandika kitambaa cha kuzuia magugu halafu kokoto ndogo sentimita 5, hapo ni tani 1 na robo. Kokoto kwenye mteremko hapana, zitahamia kwa jirani. Upande wa juu wa kaeneo hako kata mfereji wa kukinga maji, udongo wa Goba unaondoka haraka sana masika.

Sasa kushusha. Kokoto na mchanga tumia mabati, mawili matatu uyakunje kama mfereji, la juu lilalie la chini, yafunge kwenye fito, mwisho weka tairi kuukuu. Mchanga uwe mkavu, mbichi unaganda njiani, na mtu asisimame mdomoni hata kama anataka kuuona unavyoshuka. Kwa toroli funga kamba ya katani nyuma karibu na mishikio, kamba izunguke shina la mwembe mara mbili, kijana mmoja juu anaiachia taratibu na mwingine anaongoza toroli. Ukifanya hivyo utasikia kamba inalia kwenye gome, toroli linashuka polepole kama mtu mzima, bila kumkokota kijana. Asijizungushie kamba mkononi kabisa, vidole vinaondoka. Slabu zenyewe zibebwe moja moja, au vijana wapange mstari wapokezane, ni haraka kuliko unavyodhani.

Na jambo ambalo linaniuma mpaka leo, kuna kazi nilifika Mbezi nikakuta tripu nzima ya kifusi imemwagwa nyuma ya ukuta mpya wa kuzuia udongo, eti ndo karibu. Mpaka jioni ukuta ulikuwa umeegama na ufa unaingiza kidole. Mwambie dereva kabla hajainua bodi, amwage barabarani mbali na ukuta wako, hata kama vijana watatembea mita 10 zaidi.

Ukianza kulaza, anzia chini uende juu. Na nipimie mteremko wako kabla hujanunua chochote, ubao wa mita 2 na pima maji vinatosha, unieleze unashuka sentimita ngapi, nitakwambia ngazi ngapi.