Mnauliza wiki ngapi, mimi ntawaambia kuhusu siku tatu

Swali lenu la wiki hii, "Mwanamke aliyetolewa vipandikizi vya matiti akae nyumbani wiki ngapi kabla ya kurudi kazini?", nimelisoma jana usiku nikakosa usingizi kabisa. Maana na mimi niliulizwa hivyohivyo na kila mtu, wiki ngapi, wiki ngapi, na mimi mwenyewe nikawa najiuliza, na ile namba niliyopewa ndo iliyoniponza.

Nilipewa sita. Wiki sita utakuwa umerudi kwenye hali yako. Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni kwamba msiwape wanawake namba yoyote, futeni hilo swali. Namba ikishatajwa, kila aliye karibu na wewe anaanza kuhesabu, bosi anahesabu, mume anahesabu, na siku ikifika huruma inakatika kama maji ya bomba, unabaki na kidonda chako na watu wanakuuliza "bado tu?"

Ngoja nieleze. Vyangu nilikaa navyo miaka 11. Wengi hawaambiwi, au wanaambiwa hawasikii, kwamba hivi vitu si vya kukaa navyo maisha, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo uwezekano wa matatizo unavyopanda. Mwili ukiona kitu kigeni unakijengea ganda la kovu kukizunguka, hiyo ni kawaida kwa kila mtu, ila kwa wengine ganda linakaza. La kushoto kwangu lilikaza mpaka titi likawa gumu na limepanda juu kuliko la pili, nikilala kifudifudi naumia, nikikumbatia mtoto naumia. Nikaamua vitoke vyote viwili na maganda yake. Uamuzi huo sijutii, na sikutaka kuwekewa vingine.

Kitu ambacho sikukielewa ni kwamba kulitoa ganda ni kazi kubwa kuliko kuvuta kile kipandikizi. Linabanduliwa kwenye nyama, sehemu yote ile inabaki mbichi, afu kuna uwazi mahali palipokuwa pamejaa kwa miaka 11. Mwili unajaza uwazi huo kwa maji. Ndo maana nilitoka na mirija miwili, mmoja kila upande, imeshonwa kwenye ngozi chini ya kwapa, mwishoni ina kichupa laini cha plastiki unakibonyeza hewa itoke, unakifunga, nacho kinavyojaribu kurudi kwenye umbo lake ndo kinavuta maji. Asubuhi na jioni unamimina kwenye kikombe cha vipimo, unaandika mililita. Nilikuwa na kidaftari. Kulia: 60, 45, 30, 20, ukatolewa siku ya tano. Kushoto: 95, 80, 80, 65, halafu ukashuka polepole mpaka ukakaa chini ya 30 siku mbili mfululizo, siku ya tisa wakautoa. Nilifurahi siku ile kama nimetolewa pingu. Nikaoga vizuri, nikavaa ile sidiria ya kubana, nikajua safari imeisha.

Sasa hizo siku tatu.

Ilikuwa jioni ya siku ya kumi na tatu. Mdogo wangu ndo alikuwa ananihudumia, ananisaidia kugeuka kitandani kwa sababu nilikuwa nalala chali nimeegemezwa mito na mikono siwezi kuinyanyua juu ya mabega. Akanigeuza, akasimama. Akasema, "Dada, hebu geuka tena." Nikageuka. "Kuna kitu kinacheza humo ndani." Nikamwambia acha maneno yako. Akaniwekea kiganja upande wa kushoto akabonyeza kidogo sana, na mimi mwenyewe nikasikia, chwaa, kama maji kwenye mfuko wa plastiki, na nikaona ngozi upande wa pili inainuka pale alipobonyeza upande huu. Hakuumiza. Sikusikia maumivu yoyote, ngozi yote ile ilikuwa na ganzi, niliona tu kwa macho.

Mdogo wangu akachukua simu yangu akanipa, "Mpigie daktari." Nikasema kesho.

Kesho yake nikasema tena kesho. Sababu nilizompa ni kwamba kwenye karatasi ya hospitali wameandika kuvimba kidogo ni kawaida, na wiki sita hazijafika, tena hata mbili hazijafika, nitulie. Sababu ya kweli ilikuwa aibu. Nilijiambia vitu hivi ulivitaka mwenyewe, ukaviweka mwenyewe, hakuna ugonjwa uliokulazimisha, sasa unaanza kusumbua watu usiku. Watu walikuwa wameshaniambia maneno hayohayo waziwazi, kwa hiyo yalikuwa tayari kichwani yananisubiri. Na chini ya aibu kulikuwa na woga. Nilishasoma habari za ile saratani inayoitwa BIA-ALCL, ambayo si saratani ya titi lenyewe, ni limfoma inayoota kwenye lile ganda, na karibu kesi zote ni za wenye vipandikizi vya uso wa kukwaruza, ndo Julai 2019 kampuni ya Allergan ikaviondoa sokoni dunia nzima vile vyake vya BIOCELL baada ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, kuitaka. Na dalili yake inayojulikana zaidi ni hiyohiyo, upande mmoja kujaa maji. Nilichokuwa sijui nikiwa nimelala pale ni kwamba maji ya ugonjwa ule kwa kawaida huja miaka mingi baada ya kuwekewa, kipandikizi kikiwa bado kiko ndani. Yangu yalikuwa maji ya jeraha, wanayaita seroma, moja ya matatizo ya kawaida kabisa baada ya upasuaji huu. Dakika moja ya kunieleza ingetosha. Mimi nikakaa siku tatu naangalia dari nikiamini nakufa, na mdogo wangu akiniuliza nasema niko sawa.

Siku ya tatu alfajiri nikaamka natetemeka, homa 38.4, chini ya mshono wa kushoto pamekuwa pekundu na pa moto hata ukiweka mkono juu ya nguo unasikia. Mdogo wangu hakuniuliza tena, alinivalisha viatu.

Nesi aliyenipokea alifungua sidiria, akaangalia, akasema kwa upole kabisa, "Dada yangu, hii ungekuja juzi." Hakunigombeza. Sauti yake ndo iliyonitoa machozi, kwa sababu ndani yake hakukuwa na lile swali la kwa nini uliviweka. Wakapima kwa ultrasaundi, daktari akaingiza sindano pembeni, niliiona inaingia na sikuisikia, akavuta, akabadilisha bomba, akavuta tena, maji ya manjano yenye ukungu, mililita 120 kwa jumla. Ukungu ule ndo ulikuwa mbaya, maana yake wadudu wameshaingia. Nikaanza antibayotiki ya mshipa, baada ya siku nne yakavutwa tena 80, mwisho wakaamua warudishe mrija. Kona ya mshono ikaachia, ikawa kidonda cha kama sentimita mbili kinachotakiwa kujazwa gozi kila siku ili kijifunge kuanzia chini kuja juu, maana kikijifunga juu tu kinafungia uchafu ndani. Kiliniganda wiki saba. Majibu ya lile ganda kutoka maabara yalikuja safi, hilo namshukuru Mungu mpaka leo.

Sasa hesabuni. Wiki ya sita nikarudi kazini na gozi kifuani, kwa sababu ndo nilivyokuwa nimeandika kwenye ruhusa yangu. Mkono wa kushoto hauendi juu ya bega. Nachoka saa nne asubuhi kama nimelima. Watu wanaangalia kifua wanasema mbona unaonekana mzima. Nguvu zangu zilirudi baada ya miezi mitano hivi, ganzi upande mmoja ipo mpaka leo, na kovu lilichukua zaidi ya mwaka kubadilika kutoka jekundu kuwa mstari mweupe.

Nilipofika hapa nilitaka nimalize kwa kusema daktari alinidanganya. Nimeinuka nikaitafuta ile karatasi ya hospitali ili ninukuu vizuri. Imeandikwa hivi: "Wiki 4 hadi 6 kama hakuna tatizo." Nimeisoma mara mbili. Yale maneno ya mwisho yalikuwepo siku zote na mimi sikuyaona, nilibeba sita peke yake nikaondoka nayo. Pia chini kabisa kuna namba ya simu ya wodi, saa 24.

Kwa hiyo hapo lazima nirudi nyuma kidogo. Hakunidanganya. Ila bado nasema "kama hakuna tatizo" haitoshi, maana hakuna mahali walipoandika tatizo likija linafananaje. Andika tu: ukisikia maji yanacheza, piga simu. Titi moja likivimba ghafla kuliko jingine, piga. Wekundu unasambaa, joto limepita 38, mshono unatoa harufu au usaha, piga simu usiku huohuo. FDA tangu Oktoba 2021 inataka mwanamke apitishwe kwenye orodha ya hatari na asaini kabla ya kuwekewa vipandikizi, jambo zuri sana. Mimi sikupewa orodha ya namna hiyo wakati wa kutolewa. Mwishoni mwa 2011 serikali ya Ufaransa ilishauri wanawake kama 30,000 wenye vipandikizi vya PIP, kampuni ya hukohuko, wavitoe, kwa sababu vilikuwa na silikoni isiyoruhusiwa kitabibu na vinapasuka. Elfu thelathini. Huwa nawawaza, ni wangapi walikaa siku tatu kama mimi.

Sasa mnataka jibu. Mwezi uliopita mfanyakazi mwenzangu ambaye naye anatoa vyake aliniuliza apange likizo ya muda gani. Baada ya yote haya niliyowaandikia, mdomo wangu ulimwambia wiki sita. Nilishangaa mwenyewe. Lakini nikiwaza, ningemwambia miezi mitano angeahirisha, na titi lake limekaza kuliko langu, analala amekaa. Na wengi kweli wanarudi kazini wiki ya tatu au ya nne wakiwa wazima kabisa, sina haki ya kuwatia wote kwenye kidonda changu. Basi andikeni sita. Kama kazi yake ni ya kubeba au kunyanyua mikono isiwe sita, aulize daktari wake. Kama anavuta sigara aache kabla, kama ana kisukari akiweke sawa kwanza, kwa sababu vyote viwili vinachelewesha kidonda. Na mwajiri asiambiwe sita, aambiwe "kuanzia sita", nafasi ya kuongeza iwepo kwenye barua tangu mwanzo ili asije akaomba kama mtu anayejitetea.

Anaingia chumba cha upasuaji Alhamisi. Nimempa kile kidaftari changu, kurasa nyingi bado ni tupu. Za kwangu sikuzichana, namba za upande wa kushoto zimo zote, pamoja na zile siku tatu ambazo sikuandika kitu. Kwenye hizo nimemwandikia kwa kalamu nyekundu namba ya wodi, na chini yake namba yangu.